Kijiti cha Kibiriti Ukutani

Harufu ya chokaa mbichi hunipandisha hasira. Leo fundi anaziba ufa chumbani kwangu, na mawazo yangu yamerudi kwenye nyumba yetu ya utotoni, Mji Mkongwe, siku zile za tetemeko. Halikuwa kubwa. Vikombe viligongana kabatini na ukuta wa ukumbini ukapasuka. Baba aliuziba, akaupaka chokaa, maana Sikukuu ilikuwa imekaribia.

Ufa ukarudi. Nikachomeka kijiti cha kibiriti, kikabana. Kesho yake nikakikuta chini. Nikachomeka viwili pamoja, navyo vikaanguka.

“Baba, ukuta unafunguka.”

“Wacha kuuchokoa. Wewe ndiye unayeuharibu.” Akaninyang’anya kibiriti.

Alasiri ya Sikukuu shangazi alikaa chini ya ukuta ule akinisuka nywele. Alinituma jikoni nikalete mafuta ya nazi. Niliporudi na chupa, ukuta ulikuwa umeshamwangukia.

Msibani wote walisema ameuliwa na tetemeko, nalo lilipita siku kumi nyuma.

Sasa namwambia fundi kwamba kijiti nilichokichomeka jana kwenye ufa huu wa chumbani kimeanguka asubuhi. Anaendelea kulainisha chokaa yake.

“Wenyewe ndo mnaoziharibu kuta hizi, mama,” ananijibu. “Mnazichokoa.”