Pistoni Iliyogongwa Kama Chungu

"Mbona hii hailii?" aliuliza mama mmoja wa Chimala, aliyekuja kwenye duka la spea Mbeya kununua pistoni ya mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa ameigonga kwa ufunguo wa nyumba, akaitegea sikio.

"Mama, hii ni spea, si chungu!" muuzaji alisema, na foleni nzima nyuma yangu ikacheka.

"Chungu chenye ufa hakilii, mwanangu. Hii ikipasukia ndani ya injini, kijiji kizima tunarudi kutwanga."

Akagonga nyingine, ikalia kama kengele. Fundi mmoja akaipaka ile ya kwanza mafuta ya taa, akaifuta, na ufa ukajichora. Waliocheka wakaanza kukagua viatu vyao.

Nilimkumbuka marehemu mama yangu sokoni Iringa, akigonga vyungu kimoja kimoja, nami msomi wake nikiona haya. Ndugu muuzaji, mteja akigonga, nyamaza nawe usikilize.