Kisanduku cha Risasi

Mke wangu aliporudi kwao Nyakakika alichukua blanketi moja na sufuria ndogo. Alisema atarudi siku kisanduku cha risasi kitakapoondoka kwetu. Nilikuwa nimepewa nikitunze, nikakifukia nyuma ya migomba, mbali na jiko, lakini kwake ilikuwa sawa na kulala nacho.

Kilitengenezwa kwa risasi, ile metali nzito, na ndani yake mlikuwa na chembe ya radiamu, madini yanayotoa miale isiyoonekana. Miaka ile ya hamsini nilifanya kazi na mpimaji mmoja Mzungu kwenye vilima vyenye madini ya bati karibu na Kimuli. Tulikuwa tunaunda chombo cha kushusha katika mashimo yaliyochorongwa, ili tujue uzito wa mwamba bila kuutoa. Chembe ilikaa chini ya chombo, kihesabio cha miale juu, risasi katikati. Miale iliingia mwambani. Mwamba mzito uliirudisha michache, mwepesi ukairudisha mingi. Nilijaza mapipa mchanga, maji na mawe yaliyopimwa, nikishusha chombo humo tena na tena mpaka kikakubaliana na mizani. Mengi nilijifunza vitabuni, kamusi pembeni. Sikuwa na mtu wa kumsimulia, kwa Kinyambo wala kwa Kiswahili.

Nikafunga kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye baiskeli, nikaenda kwa wakwe kumwomba mke wangu arudi, kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na jiwe lako?"

"Limebaki nyumbani."

"Linalinda nyumba," akasema shemeji yangu, wakacheka.

Nilieleza kwa utaratibu kwamba miale haibaki kwenye nguo wala ngozi, kama mwanga usivyobaki ukutani taa ikizimwa. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo halidhuru?"

"Likiwa ndani ya risasi, kidogo sana."

"Na likitolewa?"

"Tunalishika kwa koleo ndefu, baba. Tunasimama mbali."

"Nguvu zake zitaisha lini?"

Ningeweza kusema ni hivi karibuni. "Sisi hatutaona. Wala wajukuu."

Shemeji hakucheka tena. Mke wangu akaleta buni za kahawa za kutafuna. Kwetu mgeni hupewa buni mkononi. Yeye aliziweka kwenye kigoda mbele yangu, akarudi nyuma.

"Rubisi uondoke nayo, mkwe," akasema baba yake, bila hasira.

Nikamwomba Mzungu kisanduku kikae kambini. Akakubali, mradi kiwe na mlinzi, na aliyejua kukilinda nilikuwa mimi peke yangu. Juma lile mke wangu alirudi nyumbani, na mimi nikahamia kambini, kibanda kimoja juu ya kilima, kisanduku shimoni hatua chache nje.

Mchana aliniletea ndizi zilizofungwa kwa jani, akaziacha kwenye jiwe penye njia panda. Hakuondoka. Alisimama huko chini hadi nilipozichukua.

"Zimeiva?" aliita.

"Zimeiva," nilijibu, nikala nimesimama ili anione.