Binti Aliyefungiwa Lango

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msiwe wepesi kusema mgonjwa hana kosa.

Mume wangu amesahau karibu kila kitu. Zamani binti yetu aliolewa na Mkristo, akahamia Gatumba. Mafuriko yalipoingia nyumbani kwake, alikuja kwetu usiku na mtoto mgongoni, nguo zikichuruzika. Baba yake akamfungia lango. Nilimsihi, akakataa.

Idi iliyopita binti alirudi. Kwetu asubuhi ya Idi kila mtu humwomba mwenzake radhi, na mzee hilo hajalisahau. Alimshika mkono akasema, "Nisamehe, mama. We ni mutoto wa nani?"

Binti akautoa mkono. "Anaomba radhi hata kwa muuza maziwa," akaniambia. "Ya kwangu iko wapi?"

Nilipomgeukia mume wangu nimkumbushe, wajukuu wakaingilia. "Bibi, muache babu. Huyu si ule mutu tena."

"Kama si yeye, mbona munamuita babu?" nikawauliza.

Nikamweleza mume wangu alichofanya. Alilia, akaomba radhi upya, na safari hii binti alimwachia mkono wake. Lakini pilau haijaisha sahanini, mzee akauliza tena huyu mgeni ni nani. Binti akaacha kula.

Hapo nikawaagiza wote wa nyumba yangu: "Kila akiuliza, mumuambie ni binti yake, ule yeye mwenyewe alimufungia lango siku ya maji. Akimaliza kulia, mumupe chai."