Silinda ya Mashine ya Mama

Juma lililopita nilisimama Kapolowe kununua viazi vitamu, nikasikia mashine ya kusaga ikifanya kazi nyuma ya nyumba moja: tuku... tuku... tuku, kila pigo likisubiri lenzake. Muuzaji alinirudishia chenji, mimi sikunyoosha mkono. Nilikuwa nimerudi Likasi, utotoni, uani kwetu.

Mama alikuwa na mashine ya mazutu, yaani dizeli, chini ya bati. Silinda yake ilikuwa moja, nyembamba na ndefu, na ndani yake pistoni ilipanda na kushuka safari ndefu, ikizungusha gurudumu zito la chuma. Haikuwa na haraka. Lakini umimine mahindi makavu au mabichi kidogo, haikusimama. Wanawake wa mtaa walikaa juu ya mabeseni yao wakizungumza kwa sauti kubwa ili wasikilizane, kope zao nyeupe kwa vumbi la unga.

Juma la harusi ya yaya, dada yangu mkubwa, mashine ikaishiwa pumzi. Ilitoa moshi wa buluu, ikakohoa, ikazima. Baba, aliyekuwa fundi kiwandani, aliifungua akatuonyesha: kuta za silinda zimelika, nguvu inatorokea pembeni mwa pistoni. Dawa ni kuipanua silinda na kutia pistoni nene zaidi. Ila ilikwisha kupanuliwa zamani, ukuta umebaki mwembamba, ungeweza kupasuka. Mama akakataa katakata. Na mahindi yote ya bukari, ugali wa harusi, yalikuwa bado kwenye magunia.

Ndipo baba mudogo, mdogo wake Baba, akaleta mashine ya petroli iliyokuwa ikivuta maji shambani kwake. Silinda yake ilikuwa pana na fupi, pistoni ikienda mwendo mdogo tu. Alipoifunga kwenye kinu na kuiwasha, ililia kama nyuki waliochokozwa, nasi watoto tukapiga makofi. Mama akamimina mahindi. Kimya. Wakawasha tena, akamimina kidogo kidogo kwa kiganja. Kimya tena. Yaya akaketi juu ya gunia, akalia.

"Inakimbia sana," Mama alisema, "lakini haiko na nguvu."

Baba akaniita kwenye mashine ya zamani, akanipa mkono wa chuma wa kuiwashia. "Shika hapa karibu. Zungusha." Sikuweza. "Sasa shika kule mwisho." Gurudumu likazunguka.

"Njo vile, ndivyo ilivyo," akasema. "Pistoni yenye kwenda mbali inasukuma mukono murefu, inazungusha muzigo pole pole. Ile ya baba mudogo iko na mukono mufupi. Inapata nguvu kama inakimbia. Muzigo ukiipunguzia mbio, inakufa."

Baba mudogo akacheka. "Kwa maji inanitosha, yaya," akamwambia Baba, kwani kaka mkubwa naye huitwa yaya.

Mama alimtazama binti yake juu ya gunia. "Peleka silinda," akamwambia Baba. "Kama inapasuka, ipasuke. Bageni ba mutoto wangu habatarudia na njala."

Baba aliirudisha alasiri ya kesho yake kutoka karakana, imepanuliwa kama unene wa ukucha, na pistoni mpya ndani yake. Alipoizungusha ikaitika kwa sauti nzito kuliko tuliyoizoea. Ilikuwa na kifua kikubwa zaidi, ikivuta hewa nyingi zaidi. Mama akamimina beseni zima. Mashine ikapunguza mwendo kidogo, kisha ikaendelea. Akasaga mpaka gunia la mwisho, kila mara akiinama kutafuta ufa. Siku ya harusi alicheza ngoma unga ukiwa nyweleni, wala hakutaka tumfute.

Miaka ikapita, silinda ikalika tena, na safari hii hapakuwa na ukuta wa kupanua. Baba alimweleza taratibu. Mama akasema tu, "Imetumika kazi yake," akaifunika kwa gunia.

Sasa mtaani kuna mashine ya umeme. Mara ya kwanza nilimsindikiza Mama kule. Kijana akapokea beseni lake kwa heshima, akamwambia, "Mama, acha hapa, utarudia kuchukua kiisha." Hapakuwa na foleni wala mwanamke mwingine. Mama akasimama mlangoni mikono mitupu, akitazama barabara upande huu na upande ule, hajui aende wapi.