Alama Nyekundu Juu ya Munigi

Kazi yangu ilikuwa kubishana na kompyuta. Programu ililinganisha picha mbili za setilaiti, ya zamani na mpya, na kila mahali ardhi ilipobadilika iliweka alama nyekundu. Mimi nilikubali au nilikataa, na nilichokubali kiliingia kwenye ramani ya taifa. Nilijiona mtu mkubwa kweli, nimeketi ofisini Goma nikiwapa watu nyumba kwa kidole kimoja.

Volkano ilipoifunika nyumba ya mama yangu kule Munigi, alihesabu hatua kutoka kona ya barabara, akakipata kiwanja chake juu ya lava, akajenga tena. Mbao kuukuu, mabati yenye kutu na masizi. Programu haikuiona: cheusi juu ya cheusi. Kwenye ramani mama aliishi mahali patupu, na mahali patupu kwetu hapachelewi kupata mwenyewe mwenye karatasi. Iliniudhi. Nikanunua mabati mapya, nikayasukuma kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, nikayapigilia mwenyewe. Yaling'aa hadi macho yakauma. Picha iliyofuata ikaja na alama: jengo jipya. Niliikubali huku nacheka peke yangu.

Kisha vita vikashuka kutoka kaskazini. Niliwavusha wanangu mpaka wa nchi hadi Gisenyi; mama alikataa kuondoka.

"Nilishakimbia volkano," aliniambia kwenye simu, kwa Kiswahili chetu cha Goma, ambacho watu ni batu. "Sasa nikimbie tena batu?"

Kesho yake mtandao wa Goma ulikatika. Siku tano nilisikiliza mabomu ng'ambo ya mpaka, nikikisia yameangukia wapi. Siku ya sita nikapokea picha mpya kwenye kompyuta niliyokimbia nayo. Juu ya kiwanja cha mama palikuwa na alama nyekundu: jengo limeondolewa.

Niliikuza picha hadi ikawa vipande vya rangi. Lava tupu. Miaka yote niliisuta programu ile kwa makosa yake; siku hiyo niliiamini papo hapo. Nikajilaani. Nani mwingine alikuwa na paa linalong'aa katikati ya lava, likimwita kila mwenye bunduki?

Mpaka ulipofunguliwa nilipita mtaa wa Birere bila kumsalimia mtu, nikapanda pikipiki. Nilimkuta mama mlangoni akichambua maharagwe. Nyumba ilikuwa imesimama. Paa lote lilikuwa limepakwa tope jeusi la majivu ya volkano, na tope hilo lilikuwa bado kwenye kucha zake. Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

"Mama, mashine imesema hapa hakuna nyumba."

"Haikuona?" Alifurahi waziwazi. "Mungu asante. Weye ulipenda manjanja, haya mabati yako, ionekane. Miye nilipanda pale juu na haya magoti, nikiomba batu basiione. Iache vile."

Niliporudi ofisini alama ilikuwa inanisubiri. Nikaikubali. Ndio uongo wa kwanza niliowahi kuutia kwenye ramani ya taifa, na usiku huo nililala.