Viatu Mlangoni

Juzi nilipita Magoudjou, mtaa wa Moroni, nikaona viatu vimerundikana mlangoni kwa waziri mpya. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni nyumbani kwetu Mutsamudu, iliyonukia karafuu zilizoanikwa juani.

Baba alikuwa waziri Moroni, mji mkuu, na kila akirudi likizo viatu vya wageni vilijaa mlangoni. Siku ile redio ilitangaza baraza jipya la mawaziri. Kiti chake alikuwa amepewa Bwana Hamidi, mwenzake wa chama tawala, aliyezoea kula kwetu. Hakuja mtu. Baba alibaki kando ya redio.

Mimi nilianza kukunja magauni yangu.

"Unakwenda wapi?" mama aliuliza.

"Si Bwana Hamidi anahamia hapa?" Nilidhani anayechukua kiti huchukua na nyumba.

Mama alicheka hadi akakaa chini. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Nilikuwa bado sijalijua hilo.

"Nyumba hii alinijengea babu yako, na baadaye itakuwa yako. Serikali haimo. Hata baba yako hapa ni mgeni."

Niliogopa baba angekasirika. Aliinuka polepole, akachukua viatu vyake chumbani, akaviweka pale mlangoni palipokuwa patupu. Kisha akapiga hodi, akaomba kahawa.