Kidole Juu ya Bawa

Mpima sarafu za kale ninayegawana naye meza, mimi nikitengeneza saa, hushika sarafu kwa ukingo tu, kwa ncha za vidole viwili, kana kwamba anamtoa mdudu kwenye jicho la mtoto. Huiinamisha chini ya taa, hukohoa kidogo, kisha huandika kwa penseli daraja lake, ambalo ndilo hupanga bei. Hapendelei mtu. Hata shemeji yake aliambiwa, "Yako imelika, shemeji, kama soli ya hicho kiatu chako."

Jana alikuja mama mmoja na sarafu ya marehemu mumewe, akitaka kuiuza aezeke nyumba. Ilimetameta. "Nimeisugua kwa majivu na ndimu, baba. Niliona aibu kuileta nyeusi." Majivu yalikuwa yameikwaruza kote, isipokuwa chini ya bawa la ndege aliyechorwa, ambako hata mimi niliuona mng'ao wa sarafu isiyowahi kutumika. Mpima akakohoa, akaandika daraja la mwisho.

"Na kama nisingeisugua?"

"Ingekuwa hiyohiyo, mama," akasema taratibu, kidole gumba chake kikiwa kimelifunika lile bawa.